Mtoto wa Ng'ambo ya Mpaka

Jamila, muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kituku mjini Goma, alikuwa akimsomesha mtoto asiye wake, tena wa nchi nyingine. Binti huyo, Uwase, aliishi Gisenyi, mwendo mfupi wa miguu kutoka Goma. Mama yake, Vestine, alikuwa mteja wa Jamila wa siku nyingi. Vestine alipofiwa na mume, Jamila alijitwika karo ya mtoto bila kuombwa.

Korona ilipoingia, mpaka ulifungwa, Vestine akakosa samaki wa kuuza. Malori ya mizigo tu ndiyo yaliyovuka. Jamila akawa anampa shemeji yake Rachidi, dereva, unga na sambaza zilizokaushwa awapelekee. Majirani wa mtaa wake wa Mapendo, ambao miaka ya uasi iliwafundisha kuwashuku watu wa upande ule, hawakupendezwa.

"Mama Jamila, unalisha watu wa kule, na sisi?" mmoja alimuuliza.

"Nilianzaka kumusomesha huyu mutoto," alijibu. "Siwezi kumuacha katikati ya njia."

Mwaka uliofuata volkano ya Nyiragongo, juu ya mji, ililipuka, na siku chache baadaye serikali ikaamuru watu wahame. Mpaka ulifunguliwa kwa waliokimbia, Jamila akavuka na godoro kichwani. Vestine alikuwa kando ya barabara tangu asubuhi, akimtafuta katika umati. Uwase, aliyekuwa amerefuka mno, alilipokea godoro akalitandika chumbani mwake mwenyewe.

Jamila alikaa pale hadi ardhi ilipotulia. Jioni binti alisoma Kiingereza kwa sauti. Jamila hakuelewa hata neno, lakini hakumkatiza.