Makofi ya Mama Nesi

Mtu akikuambia kwamba kukaa kwenye kiti na kupiga makofi ni kazi nyepesi, mwambie akamuulize Mama Nesi. Alikuwa safu ya pili, studio ya televisheni, saa nne asubuhi, gauni lake la buluu limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na jasho linamtiririka mgongoni wakati chumba chenyewe kilikuwa na baridi ya kutafutia koti.

"Dada, tulia basi," mdogo wake akamnong'oneza. "Unatikisa safu nzima."

"Miguu ndiyo inayotikisika, siyo mimi."

Ngoja nianzie mbali kidogo tusije tukapotezana. Huyu mama ni dobi wa hospitali, mwaka wa ishirini na mbili sasa anafua mashuka ya wodi. Jina la Mama Nesi alipachikwa na madobi wenzake, na tuseme ukweli, alilitafuta mwenyewe. Tangu binti yake aingie chuo cha uuguzi hakuna aliyepumua mle chumba cha kufulia. Binti yangu nesi hivi, binti yangu nesi vile, mtamwona anapita hapo kwenye veranda na sare nyeupe, na nyinyi mtampisha njia. Hata viatu vyeupe alishamnunulia, viko kwenye boksi juu ya kabati.

Basi mchana mmoja, miaka mitatu iliyopita, binti akaingia kulekule kwa madobi. Hakuvaa nyeupe. Alivaa ovaroli, grisi imempanda mpaka kwenye nyusi, na anacheka meno yote nje. "Mama! Chuo nimeacha. Nimeajiriwa na kampuni ya lifti. Leo nimefungua mota peke yangu!"

Madobi wakaacha kazi. Shuka moja lilibaki limeshikwa huku na huku, halikunjwi wala haliachiwi. Mkono wa Mama Nesi ndio uliotangulia. Kofi likalia mle ndani kuliko mashine zote, na binti akashika shavu, akageuka, akaenda zake. Tangu siku ile hajakanyaga nyumbani. Hali ya mama yake anaiulizia kwa mama yake mdogo. Dawa za presha anazituma kwa mama yake mdogo. Na Mama Nesi naye, kiburi kimemkwama kooni kama mfupa wa samaki, hakuinua simu hata siku moja. Haya, mkanye mtu kama huyo.

Sasa mwezi uliopita lifti ya jengo moja la maofisi ilikwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane, watu tisa ndani, mmoja wao ana pumu na dawa kaiacha mezani. Aliyeshuka na kamba mle gizani akawatoa mmoja baada ya mwingine ni yule yule binti. Fundi, ndivyo anavyoitwa kazini. Magazeti yakamwandika, na televisheni wakamwita kwenye kile kipindi chao cha mazungumzo. Wakampa nafasi mbili za ndugu wa kukaa na watazamaji. Fundi akazipeleka zote kwa mama yake mdogo, aende na mumewe. Mama mdogo, mtu asiyeweza kuona mlango umefungwa asiusukume, akamwacha mume nyumbani na kumbeba dada yake. Fundi hakuambiwa kitu.

Kilichomtisha Mama Nesi ni kwamba kipindi hicho anakijua. Wodi zote zina televisheni, na mtangazaji yule na sauti yake ya asali hamwachii mgeni mpaka amfikishe utotoni. Swali la mama lazima lije. "Akisema nilimpiga," alimwambia mdogo wake wakiwa bado kwenye ngazi (lifti aliikataa katakata, ghorofa nne alizipanda kwa miguu, akihema), "hospitali nzima itaniona ni mama wa namna gani."

"Na asiposema?"

Mama Nesi akapanda ngazi nyingine. Kuaibika ni kubaya, lakini alichokuwa anakitaka kuliko kingine chochote ni mwanawe aingie tena kwa mlango wa nyumbani, avue viatu, alalamike kwamba chai haina tangawizi. Alikuja kusikiliza kwa masikio yake kama njia hiyo bado ipo au imeshaziba.

Kabla ya kuanza, akatokea dada mmoja mrefu, vipokea sauti kichwani, ameshika kibao kilichoandikwa MAKOFI. Watazamaji hawakuchelewa, wakambatiza Bi Makofi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wazima kupiga makofi.

"Kibao kikipanda, mnapiga. Kikishuka, mnaacha. Sio mmoja mmoja kama matone, pamoja! Haya tujaribu."

Wakajaribu. "Mnapigia msiba?" Wakarudia. "Aliyechelewa nyuma huko, namwona!" Wakarudia tena, mara sita, mpaka mzee mmoja safu ya nyuma akauliza kama kuna cheti mwishoni. Watu wakacheka. Mama Nesi alipiga na wenzake, viganja vyake vya udobi vikilia kuliko vya wote, na kila vilipokutana roho ilimchoma. Mdogo wake alimwangalia kwa pembeni.

Taa za watazamaji zikazimwa, za jukwaani zikawaka, na Fundi akaingia.

Amekonda. Hilo ndilo la kwanza mama aliloliona. Amekonda, amekata nywele, na amevaa ovaroli safi kabisa, labda watu wa televisheni ndio waliomtaka aivae. Akaketi kwenye kochi akiwa hajui aweke wapi mikono. Kutoka kule kwenye mwanga, watu wa gizani hawaonekani. Mama alimwona mwana, mwana hakumwona mama, na Mama Nesi alilazimika kuuma ncha ya mtandio wake asije akamwita.

Mazungumzo yalianza vizuri. Kamba, giza, yule mwenye pumu, bwana mmoja mkubwa wa ofisi aliyekataa kutoka kwanza akatoka wa mwisho analia. Kibao kilipanda, kikashuka, makofi yakawaka na kuzimika. Mama Nesi alihesabu kila swali kama mgonjwa anayesubiri sindano. Siyo hilo. Wala hilo.

Kisha mtangazaji akasogea mbele, akateremsha sauti.

"Fundi. Nimeambiwa ulikuwa chuo cha uuguzi. Ukaacha. Siku ulipokwenda kumwambia mama... mama alifanya nini?"

Mdogo wake akamshika kiwiko. Kule kwenye kochi, Fundi aliangalia viganja vyake, akavikutanisha, akaviachanisha. Mama Nesi akafumba macho. Liwalo na liwe.

"Mama alinipigia makofi," Fundi akasema.

Alinipigia. Mama Nesi alifumbua macho. Alilisikia vizuri, halikumezwa wala halikuteleza: alinipigia. Herufi moja imechomekwa pale katikati, na kofi limegeuka shangwe. Mtoto hajui kwamba mama yake yuko umbali wa hatua kumi, na bado amemsitiri mbele ya nchi nzima.

"Alikupigia makofi!" mtangazaji akaruka. "Mnasikia, wazazi? Badala ya kumkaripia, kampigia makofi! Jamani, mama huyu yuko wapi leo?"

"Huyu hapa!" Ni nani, kama si yule mdogo wake? Keshasimama, keshapunga mkono. "Mama mwenyewe huyu hapa!"

Taa ikageuka. Mama Nesi akajikuta amesimamishwa, kamera moja usoni, kipaza sauti kimetiwa mkononi, na Bi Makofi kakiinua kibao juu kabisa. Watu sitini wakampigia makofi, pamoja, kama walivyofundishwa. Katikati ya kelele hizo alimtafuta mwanawe. Fundi alikuwa amesimama nusu, mkono umeshika kochi, na ile rangi ya uso imemtoka.

Kibao kikashuka.

"Mama," mtangazaji akasema kwa upole, "hebu tuambie. Siku ile ulipompigia makofi binti yako, moyoni ulijisikiaje?"

Kulikuwa na jibu jepesi kabisa. Nilifurahi. Neno moja hilo, anarudi kukaa, hospitali nzima inamwonea fahari, na pale kwa madobi anatembea kifua mbele. Wale waliokuwepo siku ile? Wangenyamaza, nani angethubutu kubishana na televisheni? Alilitafuta hilo neno akalipata, likafika mpaka kwenye ulimi.

"Sikumpigia," akasema.

"Samahani, mama?"

"Sikumpigia makofi. Nilimpiga. Kofi, la usoni. Mbele ya wenzangu, alipokuja kuniambia kapata kazi. Alikuwa anacheka."

Kule nyuma mtu mmoja, mazoezi yamemwingia sana, akaanza kupiga makofi, mara mbili tatu, akasikia yuko peke yake, akaacha. Mungu wangu. Mama Nesi alitamani sakafu ifunguke immeze yeye na gauni lake.

"Kata!" sauti ya mwongoza kipindi ikatoka juu.

Bi Makofi akaja mbio, akainama pembeni yake kwa heshima zote. "Mama, usijali, hii siyo moja kwa moja, tunarekodi tu. Tunarudia kidogo. Akikuuliza, sema ulifurahi. Hiki ni kipindi cha kutia watu moyo, unaelewa, mama yangu?"

"Dada, sema tu," mdogo wake akamvuta gauni. "Mtoto mwenyewe amekusitiri, wewe unajivua nguo!"

"Nimeshajibu," Mama Nesi akasema. Kukaa hakukaa.

Mtangazaji, maana naye alikuwa na watoto nyumbani, akaweka karatasi zake chini, akamgeukia mgeni wake. "Fundi, hili ni lako. Turudie?"

Fundi hakumwangalia. Alikuwa anakodoa macho kule kwenye safu ya pili, na alipoongea hakuongea kwa ajili ya kipindi.

"Miaka mitatu, mama, kila anayeniuliza namwambia ulinipigia makofi. Kazini. Kwa mwenye nyumba. Hata kwa mchumba wangu. Nimelisema mpaka nikawa karibu kuliamini." Akavuta pumzi. "Nilidhani wewe umeshasahau."

"Nitasahauje, na mkono ni wangu? Kila nikishika shuka nauona. Lile kofi moja limeninyima usingizi..."

"Yalikuwa mawili."

"Nini?"

"Yalikuwa mawili, mama. La kwanza sikujua ni nini. Nilidhani umekosea. Nikakuangalia, nikawa bado nacheka, ndipo ukanipiga la pili."

Mama Nesi akafungua mdomo kubisha. Moja! Angeweza kuapa ni moja, miaka yote mitatu ameliombea toba hilo moja. Kisha ikamrudia sura ya mwanawe siku ile, imejaa grisi, kicheko bado hakijafutika, kimesimama pale mdomoni hakijui kiende wapi, na mkono wake yeye ukipanda tena. Aliushika mgongo wa kiti cha mbele.

"Mawili," akasema. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni na hakuyafuta. "Kweli. Yalikuwa mawili. Nisamehe, mwanangu. Nisamehe yote mawili."

Hakuna kibao kilichoinuliwa. Bi Makofi alikuwa amekishika kifuani kwa mikono miwili. Fundi akafuta pua kwa mkono wa ovaroli, mara moja, mara ya pili, akaketi, akamwambia mtangazaji kwamba hatarudia, na kama wanataka kukata wakate. Halafu akageuza tena uso kwenye safu ya pili.

"Jumapili nitakuja," akasema. "Lakini usialike mtu."