Mwezi Ukijaa, Baba Haendi

Juzi nilimchukua binti yangu tukaendesha gari kutoka kwetu Pearland, kando ya Houston, hadi kule kusini, mto unakoingia baharini. Nilitaka kumwonyesha mahali nilipojifunza kuvua usiku. Tulikuta uzio, na nyuma ya uzio nyumba mpya zenye varanda zinazotazama maji. Gati la mbao tulilokuwa tukisimama juu yake limeng'olewa, hata nguzo hazikubaki. Binti yangu akauliza, "So samaki wako wapi?" Nilicheka, rafiki yangu, halafu nikarudi garini nikalia. Akanipa kitambaa.

Tulipofika Houston nilikuwa mdogo mno, ziwa silikumbuki. Baba alikuwa mvuvi wa Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Alivua ndagala, dagaa wa kule, usiku kwa karabai, zile taa kali zinazowavuta samaki wapande juu kutoka kilindini. Kisha vikaja vita, ikaja kambi ya wakimbizi, na mwishowe ikaja ghorofa yetu ya mtaa wa Alief, Houston, na kazi ya kupakia maboksi ghalani mji jirani wa Sugar Land, kuanzia jioni mpaka asubuhi. Mchana alilala. Mama alitukataza kuwasha televisheni, kukaanga chochote, na kucheka. Mlango wa chumbani ulikuwa haufungi vizuri, na kwenye ule upenyo niliona miguu yake imechomoza nje ya blanketi. Kwa muda mrefu baba niliyemjua mimi alikuwa ni miguu ile.

Dada yangu mkubwa yeye alikuwa na baba mwingine, baba wa ziwani, na nilimwonea wivu. Alinisimulia tukiwa kitandani. Kule kwetu, alisema, mwezi ukijaa baba haendi. Mwanga unakuwa umetapakaa kila mahali, samaki hawana haja ya kuifuata taa, basi mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wanakaa na watoto wao. Baba alishona nyavu huku amembeba dada mgongoni. Aliwachomea watoto mahindi. Alilala nao chini kwenye mkeka, mguu wa huyu juu ya tumbo la yule.

Jioni moja niliuona mwezi umetokeza juu ya maegesho ya magari, mkubwa, wa njano. Baba alikuwa anavaa viatu. Nilikwenda nikasimama mlangoni, mikono nimeitanua.

"Baba, mwezi umejaa. Leo huendi."

"Nani amekuambia hayo?"

"Dada."

Alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Aliweka chini mfuko wake wa chakula, akachuchumaa mbele yangu. "Mwanangu, bosi wa ziwani alikuwa mwezi, na alikuwa na huruma. Huyu wa hapa hatazami juu."

Akanibeba, akaniweka pembeni kama mtu anavyosogeza kiti, akatoka. Dirishani nilimwona amesimama kando ya gari, uso ameuelekeza juu. Alikaa hivyo mpaka nikafikiri anarudi. Hakurudi.

Lakini lile neno lilimwingia. Ghalani palikuwa na Mkongomani aliyependa Jumapili zake, basi wakaelewana: baba atamfanyia usiku wa Jumapili, naye atamshikia zamu mwezi ukijaa. Mama alinung'unika. "Unauza siku ya Bwana kwa ajili ya mwezi?" Baba akamjibu kwamba misa ni asubuhi, na isitoshe, huo mwezi nao uliumbwa na Bwana huyohuyo. 

Usiku wa kwanza wa mapumziko baba alishindwa kulala. Mwili ulikwishazoea kukesha. Alizunguka jikoni, akafungua friji, akaifunga, mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Mzee jirani wa chini, Mmarekani mweusi mjane aliyezaliwa pwani, kule mto unakoingia baharini, alikuwa anapakia fimbo za kuvulia kwenye pikapu yake. Alimwona baba kwenye ngazi. "Come on, then. Bring the girls." Tukapanda pikapu, baba, dada na mimi.

Sasa baba, mvuvi mtoto wa mvuvi, alikwenda na tochi kubwa ya kazini. Tulipofika gatini akaielekeza majini, akaiwasha, akatulia kusubiri samaki waje kwa heshima zao. Maji ya pale ni ya kina kifupi. Tuliona vivuli vikichomoka na kutoweka. Mzee jirani alimshusha mkono taratibu, akamweleza kwamba trauti wa baharini, akimulikwa ghafla, hukimbia. Hapa tunazima taa. Hatukanyagi mbao kwa nguvu. Tunangoja macho yalizoee giza. Baba alibaki ameshika tochi iliyozimwa, na dada yangu akaziba mdomo asicheke. Kuuliza si ujinga, alisema baba, na kuanzia hapo aliuliza kila kitu.

Ndivyo tulivyoanza. Chambo ni kamba wadogo, wazima, ndoano ikipita karibu na pembe ya kichwa ili wasife. Juu ya chambo kuna chelezo, kijiboya kinachoelea, ukikivuta kidogo kinapiga kelele majini kama samaki anayekula. Kisha unasubiri na kusikiliza kwa mkono. Mdomo wa trauti ni laini, unachanika upesi, na wa kwanza wangu nilimvuta kwa pupa nikabaki na ndoano tupu. Wa kwanza wa baba alikuja mpaka juu, madoa meusi mgongoni yakionekana kwa mwanga wa mwezi. Alimnusa. Alisema, "Huyu hanuki ziwa," akageuka upande wa giza.

Mama alimkaanga kwa mawese, tukamla na ugali kabla hakujapambazuka, vidole vikawa vya rangi ya machungwa hadi shuleni. Lakini mimi sikufuata samaki. Nilifuata sauti. Baba akiwa na mshipi majini alizungumza, aliimba, alitutania, alilala chali kwenye mbao tukamlalia tumbo. Nilikuwa nimempata yule baba wa dada yangu.

Mambo yakaenda hivyo miaka. Mzee jirani akahamia kwa mwanawe, akatuachia fimbo zake. Dada akaolewa, akahamia mji wa mbali, Mesquite. Mimi nikawa nesi, nikapanga zamu zangu kwa kutazama mwezi, wenzangu kazini wakidhani ni mambo ya dini. Tukabaki wawili gatini, mimi na baba, kisha mapafu yake yakaanza kukataa hewa.

Mwaka jana nilimleta nyumbani kwangu pamoja na mama, daktari aliposema hakuna tena la kufanya. Kitanda tulikiweka karibu na dirisha. Kila jioni aliniuliza, "Mwezi umejaa?"

"Bado, Baba."

"Basi nina kazi," alisema, na alihangaika kupumua usiku kucha, kazi kweli. Mimi nilitoka nje kila jioni kuutazama. Ulikuwa unanenepa, nami nilikuwa nauchukia.

Ikafika jioni akauliza tena. Chumba chote kilikuwa cheupe.

"Umejaa, Baba."

Aligeuza uso dirishani. "Basi leo siendi," akasema, na akafumba macho. Mama alimshika miguu. Alfajiri miguu ilikuwa imekwishapoa.

Gati halipo, mzee jirani naye alifariki, na ziwa lile mimi sitawahi kulikumbuka. Fimbo ziko gereji. Mwezi ukijaa bado naomba ruhusa kazini, na binti yangu akiniona nimebaki nyumbani huuliza, "Mama, leo hu-work?" Namwambia siendi. Halafu nasimama mlangoni, kama nilivyosimama siku ile, ila sasa hakuna wa kumzuia.