Mechi Tatu za Mbalamwezi

Jumatano, mwanzoni mwa Julai. Asubuhi ziwa lilikuwa limechafuka kwa upepo wa kusini, lakini jua lilipopanda likatulia, na anga likawa safi bila wingu. Tumerudi Ujiji mchana. Nguo zangu bado zina mchanga wa Kagunga. Nimekaa uani kuandika kabla sijasahau, maana habari hii itasimuliwa mtaani kwa namna nyingi, na nyingine zitanisema mimi.

Sijui kama naandika vizuri. Niliishia darasa la saba, na mwandiko wangu wanangu wanaucheka. Lakini nilikuwepo, na nitajaribu kusema haki hata pale ambapo haitupendezi.

Timu yetu ya mtaa na timu ya Kagunga hushindania kikombe kila mwaka. Kagunga iko mbali, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Burundi, na sisi huenda kwa boti. Mafuta ya injini si mchezo, kwa hiyo wazee wa timu zote mbili walikubaliana zamani kwamba mechi zichezwe tatu kwa safari moja. Wao huja Ujiji wakacheza siku tatu mfululizo, kisha sisi tunakwenda kwao siku tatu. Wageni hulala kwenye nyumba za wenyeji na kula kwao, na nadhani ndiyo maana hatujawahi kupigana. Ni vigumu kumkata mtu ngwala jioni wakati asubuhi umekunywa uji wa mama yake. Timu zikilingana kwa ushindi, kikombe ni cha aliyeshinda mechi ya mwisho.

Kikombe chenyewe hakibebwi na mchezaji wala kiongozi. Hubebwa na shabiki mmoja wa timu inayokishikilia. Mechi ya mwisho ikiisha, shabiki huyo husimama katikati ya uwanja, hukiinua, na kutamka ni timu gani imekichukua na kwamba imekichukua kwa haki. Asipotamka, hakijachukuliwa. Mimi ndiye nakibeba tangu mwaka juzi. Walinichagua kwa sababu niliwahi kukubali mbele ya watu kwamba goli letu moja lilikuwa la kuotea. Wengine walininunia, wengine wakasema, huyu ndiye. Hukifunga kwenye kanga na kukitia kwenye kapu, chini ya nguo.

Safari hii niliondoka na maneno mengi. Mwezi uliopita tuliwapiga Kagunga mechi zote tatu hapa kwetu, tena kwa raha. Sare moja tu kwao ilitutosha. Sokoni, kwenye meza yangu ya dagaa wakavu, nikawatangazia wenzangu, "Kapu linakwenda na kikombe, na linarudi na kikombe."

"Na likirudi tupu?" akauliza jirani yangu anayeuza ndizi.

"Likirudi tupu nitalivaa kichwani, nizunguke nalo soko zima."

"Haya, jamani mmesikia!" akasema, na watu wakapiga makofi. Basi nikapanda boti pale Kibirizi na ahadi hiyo.

Mechi ya kwanza tulifungwa mbili bila. Uwanja wa Kagunga uko karibu na maji, una mchanga, na upande mmoja umeinama kidogo. Vijana wetu walikuwa wanafika kwenye mpira wakati mwenzao ameshaondoka nao. Kipa wetu alidaka mipira aliyoweza, na mingine haikudakika. Mashabiki wao walikuwa wanatuimbia, mwanamke mmoja mbele yangu amejifunga kitenge kiunoni, anapiga debe.

"Ujiji! Mmekuja kucheza au mmekuja kula?"

"Tumekuja kwa yote!" nikamjibu.

"Basi kuleni tu, mpira tuachieni wenyewe!"

Nikacheka, ingawa iliniuma. Baada ya mechi watu wetu walilaumu upepo. Nami naandika haki: upepo ulitupiga usoni kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili uliwapiga wao, na goli la pili walilifunga wakiwa wanaupinga.

Mechi ya pili tukafungwa tatu kwa moja. Safari hiyo lawama zilikwenda kwa refa, mwalimu wa shule aliyetoka kijiji kingine. "Refa amevaa miwani ya Kagunga!" walikuwa wanapiga kelele upande wetu, na kocha wetu alirusha kofia chini. Nilikaa nyuma ya goli lao na nilimtazama refa kuliko nilivyoutazama mpira. Alitunyima kona moja ambayo ilikuwa yetu. Lakini penalti aliyotupa, ile tuliyofungia goli letu pekee, mimi nisingeitoa. Nilipomwambia kocha hivyo akanitazama kama niliyemmwagia maji.

"Mama, wewe uko timu gani?"

"Yenu, mwanangu. Ndiyo maana nakwambia."

Hapo tulikuwa tumebakiza mechi moja, na kapu lilianza kunielemea hata likiwa sakafuni.

Jioni ile nilikwenda mwaloni, pale boti zinapopakia na kushusha, na mama mwenyeji wangu. Ni mtu mzima kuliko mimi, kila asubuhi namwamkia shikamoo naye ananijibu marahaba, kisha ananiongezea "mwakeye", salamu ya Kiha, ili nisijisahau kwamba niko kwao. Alitaka kuanua nguo zake kwenye mawe. Mwezi ulikuwa unachomoza nyuma ya milima, mkubwa, na ufuko wote ukaonekana kama mchana.

Boti zote za kuvulia zilikuwa juu mchangani. Zote. Nyavu zimetandazwa, taa zimefungwa kwenye mifuko. Na vijana waliotufunga walikuwa wamekaa kwenye kingo za boti hizo wakila mahindi ya kuchoma, wanataniana, wana nguvu kama watu waliokuwa likizo.

"Hawa wote ni wavuvi?" nikauliza.

"Timu nzima," akasema mama. "Isipokuwa kipa, yule ni fundi baiskeli. Wamelala usingizi wa kutosha wiki hii. Si kama walivyokuja kwenu, maskini, wametoka ziwani asubuhi, wakapanda boti ya dagaa, wakafika wakavaa jezi. Siku tatu hazitoshi kulipa usingizi wa wiki mbili. Mwanangu mdogo aliniambia alikuwa anaona mpira mmoja kama miwili."

Alisema bila kinyongo, anakunja shuka. Mimi nikakaa kwenye jiwe.

Nifafanue kwa ambaye hajui ziwa letu. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Taa inawavuta, wavu unawabeba. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi hupandisha boti na kupumzika mpaka giza lirudi. Kila mtu wa Kigoma anajua. Na mimi ndiye wa kwanza kujua, maana nauza dagaa! Nikiona mbalamwezi nafunga meza. Ndiyo maana nilikuwa na nafasi ya kwenda Kagunga, na ndiyo maana viongozi wetu, ambao karibu wote ni wachuuzi wa dagaa kama mimi, kila mwaka hupanga safari ya Kagunga wakati huo ambao biashara imelala. Na mechi za Ujiji huzipanga siku za giza, wakati soko limechangamka na watu wanajaa uwanjani. Hakuna aliyepanga njama. Kagunga nao hawakulalamika hata siku moja, labda walidhani kwa mgeni ndivyo ilivyo. Tulifuata biashara yetu tu, na kwa miaka yote hiyo tumekuwa tukiwafunga watu wenye usingizi na kujiita mabingwa.

Asubuhi nilimweleza nahodha wetu, fundi seremala, kijana mtulivu. Nilidhani atavunjika moyo. Akasema tu, "Kumbe si refa."

"Si refa."

"Wala si upepo."

"Wala si upepo, mwanangu. Ni kwamba hawa ndio Kagunga wenyewe. Wale tuliowafunga hatukuwajua."

"Basi leo tucheze nao wenyewe," akasema. Akaenda kuwaambia wenzake, na siku hiyo sikusikia mtu wetu yeyote akimtaja refa.

Mechi ya tatu ndiyo mechi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na sisemi hivyo kwa sababu ya matokeo. Wakatufunga mapema. Zamani tungeanza kugombana. Safari hii nahodha aliokota mpira wavuni, akaukimbiza mwenyewe mpaka katikati. Vijana waliacha kuwakimbilia watu wa mbio wasiowaweza, wakawasubiri, wakapasiana mfupi mfupi kwenye mchanga. Kipindi cha pili winga wetu akapiga krosi, nahodha akaruka kati ya mabeki wawili walioshiba usingizi, akaitia kichwa. Goli! Sasa moja kwa moja! Yule mwanamke wa debe alilitupa debe lake chini. Dakika za mwisho walitubana kila upande, mpira ukagonga mwamba, ukarudi, kipa wetu akaulalia kama anayeficha mtoto. Kipenga kikalia. Sare.

Watu wetu wakaingia uwanjani wanaruka. "Mama, kikombe! Toa kikombe!"

Nilikitoa kwenye kanga, nikaenda katikati. Timu zote mbili zinanitazama. Nilijiuliza mimi ni nani wa kuharibu furaha ya watu, lakini maneno ya desturi nilipoyatafuta mdomoni hayakuwepo.

Nikasema, "Sare ya leo ni ya haki, nimeiona kwa macho yangu. Lakini zile tatu za Ujiji siwezi kuzitamkia haki. Mlikuja kwetu mkiwa mmekesha ziwani. Njooni mbalamwezi ijayo, mfike mapema, mlale kwetu, tucheze tatu tena. Mpaka hapo kikombe hakijachukuliwa."

"Mama! Nani amekutuma?" Kocha alishika kichwa. Nyuma yangu nikasikia, "Ametuuza huyu!" Sikugeuka.

Nahodha ndiye aliyekuja kusimama karibu nami, jasho linamtiririka. "Waje," akasema kwa sauti. "Leo walikuwa macho na hawakutushinda. Waje tu."

Mzee mmoja wa Kagunga akacheka mpaka akakohoa. "Kibebe, mama. Kwako hakipotei. Tutakuja, na tutakuja tumelala!"

Na yule wa debe akaongeza, "Mtuandalie vitanda, si mikeka!"

Kwenye boti asubuhi ya leo baadhi ya mashabiki wetu hawakuniongelesha. Nawaelewa. Huenda mbalamwezi ijayo tukafungwa zote tatu, na nitakuwa nimekitoa kikombe kwa mdomo wangu. Nimejiuliza hivyo njia nzima. Lakini nilimwona nahodha akiruka kati ya wale mabeki wawili, na nikikumbuka hilo nasema hapana, hatufungwi zote. Timu hii ni nzuri. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesema hivyo nikiwa na uhakika.

Jirani yangu wa ndizi alikuwa ananisubiri sokoni. "Kapu lina kitu?"

"Lina kikombe."

"Tumekichukua?"

"Bado."

Akafikiri. "Basi livae nusu."

Nikaliweka kapu kichwani upande, nikatembea kutoka meza yake mpaka yangu, soko likacheka, tukamalizana. Wavulana wa timu wameshaanza kuulizana nyumba zipi zina vitanda vya ziada. Chetu cha sebuleni nimeshakiahidi.

Kikombe kiko juu ya kabati, bado kwenye kanga. Mume wangu amekitazama, akaniuliza kama kweli nimewaalika Kagunga waje wakiwa wamelala usingizi wa kutosha. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Haya, pakua." Dagaa wabichi hawapo, mwezi bado mkubwa, basi tumekula ugali wa muhogo na maharage niliyoyaunga kwa mawese, yale niliyofungiwa kwenye chupa na mama wa Kagunga.