Programu Tatu za Kuingia Chumbani kwa Mama Mkwe

Nimesoma makala nyingi zinazolinganisha programu za kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa usalama. Waandishi wake hupima kasi, bei, na jinsi siri zinavyofichwa zikiwa njiani. Hakuna hata mmoja aliyepima jambo ambalo mimi nililazimika kulipima Alhamisi moja mchana, pale Musonoi kwenye machimbo ya Kongo: kama programu ina adabu mbele ya mama mkwe.

Kompyuta yenyewe ilikuwa hatua saba kutoka nilipokaa, nyuma ya ukuta mmoja wa matofali. Mimi nilikuwa sebuleni. Yenyewe ilikuwa chumbani kwa mama mkwe, juu ya meza ndogo kando ya kitanda. Iliwekwa huko kwa kuogopa wezi, na pia kwa sababu nyaya za sola zilipita dirisha la chumba hicho mpaka kwenye betri iliyo chini ya kitanda. Nyaya hizo ni fupi. Umeme wa bwawa la Nzilo ulikuwa umetuaga tangu Jumanne, kwa hiyo ukiitoa kompyuta chumbani inakuwa kitu cha kuwekea kitambaa na maua ya plastiki.

Na kwetu, mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Hampi mkono, hali mbele yake, hamtazami usoni. Yeye huniita bukwe, mimi humwita bukwe, na hata hilo hatuambiani moja kwa moja: maneno hupita kwa mtu wa tatu. Nimemwoa binti yake miaka kumi na tisa sasa. Viatu vya mama huyo navijua vizuri sana.

Niseme pia kwamba mimi si fundi wa kompyuta. Chuo kikuu nilisoma falsafa. Ila miaka kadhaa iliyopita printa ya shule anayoiongoza mama mkwe ilikataa kufanya kazi, nikaenda, nikaitazama kwa muda mrefu huku nimekunja uso, kisha nikaichomeka kwenye umeme. Tangu siku hiyo ukoo mzima unaniita Injinia. Sikupinga. Mtu aliyesoma falsafa hapewi vyeo kila siku.

Kila mwaka mama mkwe hupeleka ofisi ya ukaguzi orodha ya watoto wa darasa la sita watakaofanya mtihani wa mwisho: jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa. Kwingineko hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Musonoi orodha kama hiyo huchimbwa. Wazazi wametoka kila pembe ya Kongo kufuata shaba na kobalti. Leo wanachimba hapa, mwezi ujao wako Mutoshi, mwezi unaofuata hakuna ajuaye. Kwa wiki nyingi mama alikuwa akiwasimamisha barabarani, wamejaa vumbi, magunia mgongoni, anawauliza mtoto alizaliwa wapi na lini, na kuandika kwenye vikaratasi. Halafu mimi, Injinia, nikatoa hotuba kupitia kwa mke wangu kwamba zama za karatasi zimekwisha. Mama akatii. Yote yakaingia kwenye kompyuta, na vikaratasi vikawashia mbabula, lile jiko letu la makaa. Bukari, ugali wetu, na samaki vilivyopikwa kwa moto huo nilivila mwenyewe, nikaomba niongezewe.

Orodha ilitakiwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Isipofika, watoto wale wangekaa nyumbani mwaka mzima, na wengine wangeishia kuosha mawe mtoni. Alhamisi mama alifungua kompyuta. Orodha haikuwepo.

Mke wangu alinipigia simu kutoka kazini kwake mjini.

"Kuya mbio kwa mama," alisema. "Analia. Mi sijaonaka mama analia."

Nikapanda pikipiki, mkoba wa kompyuta yangu kifuani. Mlangoni mwa chumba nikamkuta shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ameketi kwenye kigoda kama askari wa mpakani. Huyu naruhusiwa kutaniana naye, na yeye huitumia ruhusa hiyo yote.

"Injinia, mupaka yako ni pale kapeti inaishia."

"Sina haja ya kuvuka. Nitaingia bila kuingia."

"Ni ile balikufundisha mu falsafa?"

Nikamweleza. Simu yangu ingegawa mtandao, kompyuta mbili zingekutana hewani, nami ningeishika ile ya chumbani nikiwa hapa kwenye kochi. Nilikuja na programu tatu kwenye flashi. Shemeji angezifungua kule ndani, mimi ningeziendesha huku. Akageuka kumpelekea mama maneno yangu, neno kwa neno, ingawa mama alikuwa nyuma ya pazia na alisikia kila kitu.

Ya kwanza ndiyo inayopendwa na wengi. Ina rangi nzuri, ni nyepesi, mtoto anaweza kuitumia. Nikabonyeza, na kule chumbani kikatokea kidirisha cha Kifaransa. Shemeji akakitafsiri kwa sauti ya kusoma tangazo la msiba:

"Inasema hivi: unamuruhusu huyu mutu aone byote na ashike byote?"

Pazia la mlangoni likatikisika.

"Apana," ikatoka sauti ya mama mkwe.

"Anasema apana," shemeji akanipelekea.

"Nimesikia. Mwambie ni maneno ya kawaida tu, ni..."

"Anauliza ni nani alisemaka ile ni maneno ya kawaida."

Nikajaribu tena, nikidhani labda swali lingekuja kwa upole zaidi. Lilikuja vilevile. Mama akabonyeza kukataa mwenyewe. Nilisikia mlio wa kipanya, ukiwa na hasira. Makala zote zinaisifu programu hiyo kwa kumwomba mwenye kompyuta ruhusa. Hazisemi kwamba namna ya kuomba ni muhimu. Nikaiandikia kwenye daftari langu: nzuri, lakini haina mdomo wa adabu.

Ya pili ni ya maofisini. Haiulizi ovyo, na usalama wake ni imara. Ina tabia moja tu: ukiingia kutoka mbali, kioo cha kompyuta ya kule hujifunga, na mwenye kompyuta haoni tena unachofanya. Kwa ujinga nikalieleza hilo kama sifa.

Shemeji alisimama kutoka kwenye kigoda.

"Ngoja. We unaingia, mama anatoka, mulango inafungwa?"

"Ni kioo tu."

"Mu chumba ya bukwe yako. Mulango umefunga. Mi nikimwambia mudogo yangu hii, utalala wapi?"

Chumbani nilisikia kitanda kikilia, kama mtu ameketi ghafla. Sikuandika kitu kwenye daftari. Niliifuta programu hiyo hata kwenye flashi, nisije nikafa ajalini wakaikuta mfukoni mwangu.

Ikabaki ya tatu, ambayo kwa kweli nilikuja nayo ili nionekane nimesoma. Haina rangi, haina picha. Ni dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Unaandika amri, kompyuta ya mbali inajibu kwa maneno, basi. Huoni meza ya mwenye kompyuta wala picha zake. Nikamwambia shemeji: ni kama mkwe anayesimama uani na kuongea kupitia ukutani.

Majadiliano ya chini chini yakafuata. Kisha: "Mama anasema ile angalau ilifundishwa nyumbani."

Programu ya namna hiyo, mara ya kwanza, hukuonyesha alama ya kuitambulisha mashine unayoiendea, mstari mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana, na kukuuliza kama kweli ndiyo hiyo unayoitaka. Dunia nzima hujibu ndiyo bila kusoma. Nami kidole changu kilikuwa hewani tayari.

"Anauliza unasubiri nini," alisema shemeji.

"Hakuna. Inataka nihakikishe tu kwamba mashine ni yake. Nabonyeza ndiyo."

"Anauliza umehakikisha namna gani."

Sikuwa nimehakikisha namna yoyote. Mama mkwe amefundisha miaka mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kazi ya kunakiliwa anaijua kwa harufu. Ikabidi niandike amri kwenye karatasi, shemeji akaichapa chumbani, alama ya mashine ikatokea kwenye kioo cha kule. Sasa mimi nisome yangu kwa sauti, mama alinganishe na yake. Nikakaa wima kwenye kochi kama niko darasa la tatu.

"M kubwa," nikasema. "Saba. K ndogo."

"Apana," ikasema sauti nyuma ya pazia. "Huku inaanza na T."

Wakati huohuo wakalipua baruti mgodini, kama wafanyavyo alasiri. Nyumba ikatetemeka, vumbi la dari likashuka taratibu juu ya kompyuta yangu.

"Asome tena," alisema mama.

Nikasoma tena. M kubwa. Mama akasema mashine hiyo si yake, na kama bukwe angebonyeza ndiyo, angeingia kwa watu. Nilikuwa nafikiria namna ya kumweleza kwamba mitambo kama hii haikosei, nilipoitazama anwani niliyoandika. Nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili za mwisho. Anwani ile ilikuwa ya kompyuta yangu mwenyewe, niliyoiandaa zamani kwa mazoezi. Nusu saa nzima nilikuwa nabisha hodi kwangu, naomba niruhusiwe kuingia mapajani mwangu.

Nililazimika kusema. Shemeji alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Nyuma ya pazia hakukuwa na kicheko, ila kikohozi kirefu cha mtu anayejizuia.

Nikasahihisha anwani, na mara hii alama zikalingana, herufi kwa herufi, mama akiitikia "ndiyo" kila moja. Sijawahi kusikia mtu mwingine aliyefanya hivyo mpaka mwisho wa mstari. Ikabaki nenosiri, ambalo bila shaka mama hawezi kumtajia mkwe. Shemeji akaichukua kompyuta yangu, akaipeleka chumbani, mama akaandika mwenyewe, ikarudishwa. Kompyuta yangu ilivuka kapeti. Mimi nilibaki pale pale.

Nikaandika amri ya kutafuta kila faili lenye neno "sita". Dirisha jeusi likafikiri. Jibu likaja mstari mmoja, na orodha ilikuwepo, nzima, na mahali ilipolala palionyeshwa wazi. Ilikuwa ndani ya folda inayoitwa BUKWE ASIINGIE.

Nikafunga kompyuta nusu, kama mtu anayevuta pazia la jirani alilolifungua kwa bahati mbaya.

"Shemeji," nikasema, "muulize mama kama kuna mahali amehifadhi mambo yake ya binafsi. Mahali pamoja. Penye jina."

Shemeji aliuliza. Kisha mama akaanza kueleza, na kwa mara ya kwanza shemeji alisahau kurudia. Jumapili alikuwa amefikiri kwamba mashine hii ni ya zamani, siku moja itaugua, na bukwe ndiye atakayeitwa kuitibu. Mwanamke mwenye heshima hamwachii mkwe vitu vyake vimetapakaa. Basi alizikusanya barua zake, sala zake, picha zake za ujana, akaviburuta vyote kwa pamoja mahali pamoja na kuandika onyo mlangoni. Orodha ilikuwa katikati ya barua. Ikaburutwa nazo. Na kwa kuwa aliapa kutopafungua ovyo, hakupatafuta hapo.

"Kwa hiyo bitu byote hii," alisema shemeji polepole, "programu tatu, alama, M kubwa, ni ju ya heshima yako tu, Injinia."

Nilitaka kueleza kwamba naweza kuitoa orodha kwa amri moja nikiwa nje, bila kuigusa folda, bila kuona chochote. Kwa upande wa ufundi ilikuwa nafasi yangu ya pekee kung'aa.

"Umuambie bukwe asishike kitu," ikasema sauti. "Nitatoa mi mwenyewe."

Nikasikia milio miwili ya kipanya. Basi. Baadaye kidogo pazia likasogea, ukatokea mkono wenye flashi, shemeji akaipokea, akanipa. Orodha ilikuwemo. Niliiwekea nakala kwenye kompyuta yangu, nikaenda kuichapisha kwenye kibanda cha barabarani chenye jenereta mara mbili, nikarudi na karatasi hizo kifuani kama yai. Kuhusu zama za karatasi sikusema neno.

Ijumaa mama aliondoka na pikipiki asubuhi. Kabla ya saa nne simu ya mke wangu ikalia, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Bamepokea," alisema mama. "Bamepiga muhuri. Batoto bote bataingia. Mumoja tu aliandikwa kuzaliwa Nzilo, kumbe ni Mutoshi. Balinisahihishia pale pale. Umuambie."

"Umesikia?" mke wangu akaniuliza.

"Mwambie nimesikia," nikasema.

Siku ya mtihani nilipita barabara ya shule kwa makusudi, nikijifanya nina safari. Walikuwa wamepanga mstari getini, mashati meupe, kalamu mkononi, mmoja anamalizia andazi haraka haraka. Mwalimu alikuwa anaita majina kutoka kwenye karatasi yetu, na kila jina lilipata mtu wa kuitika.