Johari na Hodi Zake

Ukifika Shanzu ukauliza ni nani mwanamke mkaidi kuliko wote nyuma ya barabara ya Malindi, utapelekwa moja kwa moja kwa Bi Johari binti Badi, muuza mahamri. Mkaidi wa haki, lakini, si mkaidi wa upuzi. Huyu ndiye aliyewasimamisha wazee wazima siku ya nikaha yake. Shehe yuko tayari, mahari yameshatajwa, watu washaanza kunusa pilau, ndipo babake akaingia chumbani kutaka idhini ya binti kama ilivyo ada. Binti akasema idhini anayo, ila aandikiwe sharti moja: mume asimzuie kwenda kukoga pwani siku ya Jumamosi.

Lo! Baba mtu alidhani mtoto ana homa. "Sharti gani hilo, Johari? Wenzio huomba nyumba yao peke yao. Huomba wasiletewe uke wenza."

"Mimi naomba bahari," akasema.

Shehe alicheka mpaka kilemba kikamwenda upande, lakini aliliandika, maana hakuona dhambi ndani yake. Na bwana harusi, Rashad, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitia sahihi yake na hakulivunja sharti lile mpaka anaingia kaburini. Kuna Jumamosi alinuna, hilo sikatai. Lakini kununa hakukuandikwa popote.

Bahari yenyewe aliyoiomba si ile ya mbele ya mahoteli, ya ngamia na wauza miwani. Ni kijighuba kilichojificha chini ya majabali, na tangu zama za bibi zetu chaitwa Kwa Mabibi. Wanaume hawashuki huko, na hakuna aliyewakataza kwa maandishi, wanajua tu. Mwanamke akifika huvua buibui, akajifunga leso kifuani au akaingia na dera lake hivyo hivyo, akakoga, akaimba, akacheka kwa sauti ambayo nyumbani kwake haimtoki. Waislamu wamo, Wakristo wamo. Kahaso muuza mchicha huja na rozari yake shingoni na hakuna anayemuuliza. Wardah, jirani ya Johari, magoti yalimshinda hata kusali akawa anasali kwa kuketi, na mle majini ndimo pahali pekee anapotembea bila kuuma meno.

Na nusu ya wanawake hao waliofundishwa kuelea, mwalimu wao ni Johari. Hana upole wa mwalimu. "Legeza shingo!" humpigia mtu kelele. "Lala! Maji yatakubeba, si mumeo huyo!" Basi mtu hucheka, na akicheka mwili hulegea, akaelea.

Sasa njia. Ili ushuke Kwa Mabibi sharti upite katika shamba la minazi ambalo mwenyewe hatukupata kumwona; tulisikia tu kwamba yuko ng'ambo. Watu walipita tangu hapo. Kisha shamba likauzwa, minazi ikakatwa, pakajengwa majumba meupe ya ghorofa, ukuta, nyaya za stima juu ya ukuta, na jina likapachikwa: Bahari Tulivu. Geti wakaliweka papo hapo juu ya njia. Tukashika roho mkononi. Lakini askari waliyemweka alikuwa Jefwa, mtu wa watu, mtoto wa hapa hapa. Kina mama wakifika Jumamosi hupiga hodi, yeye huitikia, "Karibuni, mama zangu," hufungua, wakapita. Miaka ikaenda hivyo bila neno, na Johari akamzoea Jefwa hata akawa humwachia mahamri mawili akirudi.

Neno lilikuja pale wenye majumba walipoandikiana mkataba wao mpya. Ndani yake mlikuwa na fungu zima la burudani ya ardhi na maji: nani aketi wapi, nani akoge lini, avae nini. Sikiliza hii. Anayeingia majini avae vazi rasmi la kuogelea. Leso, dera na kanga marufuku. Chakula cha kupikwa marufuku. Nyimbo marufuku. Wasizidi wanne. Meneja wao, mwanamke mmoja nadhifu aitwaye Eddah, akawaletea kina mama karatasi ya kutia sahihi: wangeruhusiwa kuendelea kupita Jumamosi asubuhi wakifuata kanuni hizo, kwa hisani ya wenye mtaa, na hisani hiyo ingeweza kuondolewa wakati wowote.

Johari alisomewa mpaka mwisho. Alikuwa akikanda unga, na mikono yake haikusimama.

"Kwa hisani ya nani?" akauliza. "Mama yangu alikoga pale na mimba yangu tumboni. Hao waliokuja na ukuta juzi ndio wanifanyie hisani? Na hilo vazi rasmi, huyo aliyeliandika ashawahi kukiona kiuno changu? Wallahi akikiona atalifuta mwenyewe!"

Wanawake wakacheka, lakini Wardah hakucheka. Wardah ni mtu wa kuogopa, na mwenye magoti yake ana haki ya kuogopa. "Tutie sahihi, dada," akasema. "Tupate hicho kidogo. Wakifunga kabisa mimi nitakwenda wapi?"

"Ukitia sahihi, umekubali kwamba ni yao."

"Si ni yao?"

"Ardhi ni yao. Njia si yao." Johari hakusomea sheria, alijua tu moyoni, na moyo haukubaliwi mahakamani. Ndipo Kahaso akasema yuko binti mmoja wa kanisani kwao, Purity, wakili kijana, asaidiaye watu wa mashamba bila malipo. Wakamwendea.

Purity hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwaambia njia ya kupita katika ardhi ya mtu huweza kuwa haki yako ukiipita miaka mingi, waziwazi, kwa amani, bila kificho. "Yote hayo mnayo," akasema. Akaandika barua, na wale wa Bahari Tulivu, kwa kutotaka kwenda mahakamani, wakakubali waketi kwanza mbele ya mpatanishi.

Walikutana katika ukumbi mdogo karibu na mahakama ya Shanzu. Johari alivaa buibui jipya. Upande wa pili alikaa Eddah na wakili wao, Morgan Ruwa, kijana mpole, mwenye heshima, aliyemwamkia Johari shikamoo kabla ya kuketi. Johari alimpenda papo hapo, na hilo ndilo lililomponza.

"Bi Johari," wakili akaanza, "mkifika pale getini, huwa mnafanyaje?"

"Twapiga hodi," akajibu.

"Kila mara?"

"Kila mara, mwanangu. Kwani sisi ng'ombe?"

Hata mpatanishi alitabasamu. Morgan naye akatabasamu. "Na baada ya hodi?"

"Jefwa hutukaribisha."

"Na asipowakaribisha? Labda yuko ndani, hajasikia?"

"Basi twangoja." Johari alijiweka sawa kitini. Alikuwa na fahari, maskini, akidhani anaulizwa juu ya malezi yake. "Hata jua likiwa kali twangoja. Sijaingia pahali pa mtu bila kukaribishwa tangu nizaliwe, na muulize mtu yeyote hapa Shanzu."

Purity aliinamisha kichwa. Morgan alishukuru kwa adabu zote, akamgeukia mpatanishi, akasema kwa sauti ile ile ya upole kwamba hiyo ndiyo hoja ya wateja wake kwa ufupi. Mama amesema mwenyewe. Wanawake hawa wanaomba ruhusa, wanapewa ruhusa, na wasipopewa hawapiti. Anayepita kwa ruhusa hajawahi kuwa na haki ya njia. Ana ruhusa tu, na ruhusa mwenyewe huiondoa akitaka.

Kikao kikavunjika bila mapatano. Nje, juani, Johari alimshika Purity mkono. "Niambie anatania."

"Hatanii, mama. Hapo ametupata." Purity alikuwa karibu kulia, lakini aliendelea. "Hatujashindwa. Mlipita kabla ya ukuta, wakati hapakuwa na wa kumpigia hodi, na hilo nitalisimamia mahakamani. Ila kuanzia leo, kila hodi mnayopiga pale getini inamsaidia yeye. Mkitaka kuendelea kuidai njia, piteni waziwazi, kwa amani, bila kugombana na mtu. Lakini msiombe. Wala msipokee ruhusa."

"Yaani niingie kama mwizi?"

"Mwizi hujificha. Wewe upite kama mwenye njia."

Ni rahisi kusema. Wewe uliyelelewa kwingine huenda usione uzito wake. Johari hupiga hodi kwa mwanawe wa kumzaa. Hupiga hodi penye kaburi la mumewe kabla ya kusoma Fatiha. Mamake alimchapa siku moja tu katika maisha yake yote, na ilikuwa kwa sababu aliingia kwa jirani kimya kimya kuchukua moto. Hao mawakili hawakumnyang'anya njia peke yake. Walichukua jambo zuri kabisa alilokuwa nalo wakaligeuza kamba ya kumfungia. Aliporudi nyumbani alilia kwa hasira, akamwaga maji ya unga, akawatukana wote waliomo katika yale majumba meupe, na matusi yenyewe sitayaandika.

Wardah akaja jioni ile na kalamu. "Tutie sahihi yaishe," akasema. "Mimi nitavaa hilo vazi. Nitavaa hata gunia."

"Leo vazi, kesho watakwambia kikohozi marufuku. Mimi sitii."

"Na wakitufukuza? Ni kwa ukaidi wako, Johari, si kwa kosa langu."

"Ni kwa ukaidi wangu," akakubali. "Wewe saini ukitaka, sitakununia. Mimi Jumamosi napita."

Wardah aliondoka bila kuaga, na tangu wawe majirani hilo halikuwahi kutokea.

Jumamosi ikafika. Walikusanyika kwenye kibanda cha mahamri, wengi kuliko siku zote, leso mabegani. Kahaso alikuwepo. Wardah naye alikuja, mwisho kabisa, fimbo mkononi, na hakuna aliyemuuliza kama ametia sahihi au hakutia. Wakashika njia. Hata nyimbo hawakuziimba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akimwaza Jefwa.

Geti dogo la pembeni lilikuwa limeegeshwa tu. Eddah alisimama ndani, kando ya kibanda cha askari, na simu yake ameiinua, anarekodi. Johari akafika mlangoni. Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa mazoea, akaufunga. Akasukuma geti kwa kiganja, akaingia. Wallahi alisema baadaye kwamba hata siku ya kumzika Rashad miguu haikuwa mizito vile.

Jefwa akainuka. Sidhani kama aliagizwa. Nadhani alifanya alilolifanya kila Jumamosi, kwa moyo wake mwema, tena kwa sauti iliyotaka kuwaondolea aibu wanawake walioingia bila salamu. "Karibuni, mama zangu," akasema.

Simu ya Eddah ikasogea karibu. Kina mama wote wakamtazama Johari. Mtu akikwambia karibu, jibu ni moja, na mtoto wa miaka mitatu analijua.

"Usinikaribishe, Jefwa," akasema Johari.

Jefwa alirudi nyuma hatua, na uso ukamshuka. Johari aliona jinsi alivyomuumiza, na machozi yakamlenga, lakini hakumwomba radhi, kwa maana radhi ingegeuka kuwa hodi. Akampita. Kahaso akapita. Wakapita wengine, mmoja mmoja, macho chini, wakishuka kwenye ile njia ya majabali, na Jefwa akisimama pale pale na kofia yake mkononi.

Wa mwisho alikuwa Wardah na fimbo yake. Alikwenda polepole mno, hata Jefwa, kwa huruma, akanyoosha mkono kumshika kiwiko, akasema taratibu, "Karibu, mama."

Wardah alisimama. Alimtazama yeye, akaitazama ile simu.

"Na mimi usinikaribishe," akasema, akauondoa mkono wa Jefwa kwenye kiwiko chake, akaanza kushuka peke yake.