Lundo la Baba Mkwe

Nilipoolewa Ngujini, enzi za Mwingereza, nilikuwa na ugonjwa mmoja: kutaka kuonekana mchapakazi. Mume wangu alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, nami nikabaki na baba yake, mhunzi asiyeendewa tena na mtu. Majembe ya dukani yalikuwa yamemnyang'anya wateja, na panya walishaanza kutafuna ngozi za mivukuto yake.

Ndipo mwalimu mmoja wa Shighatini alipoleta habari. Kuna wageni wamefikia Same, wanataka kuona chuma kikifuliwa kama zamani. Wakipendezwa watanunua visu na kengele, na watawaambia wenzao.

"Kazi ikirudi, mwanangu naye atarudi," alisema baba mkwe.

Nilikuwa nimelala peke yangu miezi kumi. Niliposikia hivyo sikutulia tena.

Basi wageni waje kesho, mimi nikafagia leo. Nyuma ya kibanda palikuwa na lundo la mavi ya chuma, yale makapi meusi yanayobaki tanuruni, limenifika kiunoni. Mgeni aonyeshwe uchafu ule? Nilibeba kikapu baada ya kikapu, nikamwaga korongoni, huku nikijisifu moyoni.

Baba mkwe aliporudi kutoka kwenye migomba alisimama pale palipobaki patupu.

"Nani kayaondoa?"

"Ni mimi, baba."

"Yamerundikwa na baba yangu, na babu yake, na waliowatangulia. Hayo ndiyo ningewaonyesha. Kibanda nimekijenga juzi tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilichukua kikapu nikashuka korongoni. Mara nikasikia mawe yakiporomoka nyuma yangu: baba mkwe anashuka, na kikapu chake. Kwetu mtu na mke wa mwanawe hata njiani hupishana kwa heshima, sembuse kuinama pamoja kichakani. Tuliokota, tukajaza vikapu. Alipoona machozi yananitoka alisema tu, "Hilo ulilolishika ni jiwe, mwanangu. Liache."

Hatukurudisha hata nusu. Lakini wageni walilizunguka lundo lile dogo, wakamtazama akifua, wakaondoka na visu, na baadaye wakaja wengine. Kabla ya mvua za vuli wahunzi wawili wa jirani walikuwa wamewasha moto tena, na barua ikaenda mkongeni.

Mume wangu alifika alasiri moja. Mbele ya baba yake sikuweza kumkimbilia. Nilimpokea mzigo, nikaingia jikoni, nikalia hadi makande yakaungua.