Wifi Asiyeiba Tena

Kwa miaka yote waliyocheza karata pamoja, Bibi Dobi aliibiwa na wifi yake, tena mchana kweupe. Wifi huyo, mke wa marehemu kaka yake, mtaa mzima ulimwita Kidole kwa wepesi wa vidole vyake. Alificha turufu chini ya paja, na safari moja ndani ya kiatu. Bibi Dobi, aliyefua shuka za hospitali mpaka akastaafu na mgongo mbovu, alimkamata, wakatukanana, wakanuniana hadi kesho yake, kisha wakagawa upya. Hakuna aliyelalamika ila majirani.

Basi Kidole akaanza kusahau. Aliposahau sufuria motoni mara ya pili, binti yake, karani wa benki mwenye haraka zake, akampeleka kliniki. Daktari akasema kichwa cha mzee kisikae bure: michezo, kuimba, kushona, kupiga soga, vyote vinasaidia. Ushauri mzuri, nani atabisha? Balaa ni huyo binti. Alinunua vitabu vya kupaka rangi vya watoto wa chekechea, na simu yenye mchezo wa kupasua mapovu. Mapovu! Mtu mzima na akili zake anapasua mapovu! Bibi Dobi alisonya mpaka meno ya bandia yakamcheza. Na karata je? Karata zilifungiwa kabatini.

"Shangazi, nyie mnagombana mno," binti alisema. "Mama anahitaji utulivu."

"Utulivu ataukuta kaburini, mwanangu. Lete karata."

Alibembeleza, akanuna, akagoma hata kunywa chai ya nyumba ile. Alichotaka ni kimoja tu: wifi yake arudi kuwa wifi yake, na njia ya kumrudisha aliijua yeye. Mwishowe binti akasalimu amri, kwa sharti kwamba pasiwe na matusi.

Wakakaa kwenye meza ya jikoni, binti akikoroga mchuzi nyuma yao. Mchezo wa kwanza ukaisha kimya kimya, Kidole kafungwa. Wa pili vilevile. Binti akageuka, uso umemchangamka.

"Mnaona sasa? Leo mnacheza kistaarabu. Haya mazoezi yanamsaidia kweli."

Bibi Dobi alikuwa anaitazama mikono ya wifi yake. Yote miwili ilikuwa juu ya meza, imetulia tuli, na utulivu huo ulimtia hofu.

Labda kachoka, alijiambia. Labda anamwogopa binti yake. Akaamua kumrahisishia kazi ya kuiba. Alijitia kupiga chafya, akageukia dirishani. Wapi! Akainuka kutafuta miwani, nayo miwani iko usoni. Mikono palepale. Mwisho akaiangusha ree ya kopa, karata ambayo Kidole angeuza hata nyumba ili aipate, ikalala wazi kando ya kiwiko cha mwenzake. Akaenda kwenye sinki kunywa maji, akayanywa polepole kama mgonjwa.

Aliporudi, Kidole alikuwa amemnyooshea karata ile, anatabasamu kwa heshima kama muuza duka.

"Samahani, dada. Umeangusha karata yako."

Dada! Bibi Dobi akaipiga meza kwa kiganja.

"Iba! Iba, mwanamke we! Nani kakufundisha adabu uzeeni?"

"Shangazi!" Binti akaja na mwiko unaodondosha mchuzi. "Tulikubaliana nini?"

"Hebu niondokee hapa! Huoni kama haibi?"

Binti akamtazama mama yake, akaushusha mwiko. Kidole alimtazama huyu, akamtazama yule, karata bado iko mkononi, hajui kosa lake ni lipi. Machozi yakamtoka Bibi Dobi humohumo kwenye hasira. Akamnyang'anya karata, akavuta kiti karibu, akamkamata mkono na kuisokomeza mwenyewe ndani ya mkono wa sweta la Kidole, juu kabisa karibu na kiwiko.

"Inakaa hapo," akamwambia kwa ukali. "Haya, cheza."